Siku 14 Huisha Lini? Namna ya Kuhesabu Makataa ya Kisheria

Barua ya kukataa ombi la kibali cha ujenzi huwa fupi: nambari ya ploti, sababu za kukataa, sahihi na tarehe. Mwenye ploti huzisoma sababu mara tatu na tarehe akaipita tu. Lakini ni tarehe hiyo inayoamua kama bado ana nafasi ya kupinga uamuzi huo au hana. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inampa mwombaji asiyeridhika na uamuzi wa waziri wa kaunti siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi.

Siku 14 ni wiki mbili, na kila mtu anajua wiki mbili ni nini. Hata hivyo, uamuzi mmoja unaweza kuhesabiwa kwa njia tano na kutoa majibu tofauti. Tuseme uamuzi ulifanywa Jumanne, 6 Oktoba 2026. Mtu wa kwanza anaihesabu Jumanne hiyo kuwa siku ya kwanza, naye anafika Jumatatu, 19 Oktoba. Wa pili anaanza Jumatano na kufika Jumanne, 20 Oktoba. Wa tatu anaruka Jumamosi, Jumapili na sikukuu kwa kuwa ofisi hufungwa, akafika Jumanne, 27 Oktoba. Wa nne aliichukua barua ofisini tarehe 13, akaanza kuhesabu tangu hapo, naye pia akafika tarehe 27. Wa tano anakumbuka kwamba 20 Oktoba ni Sikukuu ya Mashujaa, anasogeza siku moja mbele, na kusimama kwenye Jumatano, 21 Oktoba.

Jibu la sheria ni la huyo wa tano. Wa kwanza na wa pili hawajapoteza kitu, maana aliyewahi hana kosa. Lakini wawili wanaokuja tarehe 27, wakiwa na karatasi zao zote na hoja nzuri pengine kuliko za wenzao, wamechelewa kwa siku sita.

Kanuni yenyewe imeandikwa mahali pawili. Kwa sheria za kawaida iko katika Sura ya 2 ya Sheria za Kenya, ile inayofafanua maneno yanayotumika katika sheria nyingine zote, sehemu ya 57. Kwa mambo yanayotokana na Katiba iko katika Kifungu cha 259. Zote mbili zinakubaliana katika jambo la msingi: siku ambayo tukio lilitokea haihesabiwi, na siku ya mwisho inahesabiwa. Uamuzi wa tarehe 6 una siku yake ya kwanza tarehe 7. Ndiyo sababu hesabu ya siku kwa kweli ni kujumlisha tu: 6 na 14 ni 20. Anayehesabu kwa vidole akianza na siku ya tukio hujikuta amepungukiwa na siku moja. Ni kama kujenga ua wa mbao: ukitaka nafasi kumi kati ya nguzo, unachimbia nguzo kumi na moja. Anayehesabu nguzo na anayehesabu nafasi wote wamehesabu sawasawa, ila hawakuhesabu kitu kimoja.

Mkanganyiko huu si wa ujinga. Lugha yenyewe inao. Katika wiki ya Kiswahili kuna siku mbili za tano, tena zinafuatana. Jumatano ni ya tano kwa anayeanza na Jumamosi, kwa maana mosi ni moja na pili ni mbili. Alhamisi nayo ni neno la Kiarabu lenye maana ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza na Jumapili. Vivyo hivyo kwa usiku. Mzee wa Pwani akisema usiku wa Ijumaa anaweza kuwa na maana ya usiku unaotangulia Ijumaa, kwa sababu kwake siku inaanza jua linapotua. Kijana wa mjini anamwelewa kuwa anasema usiku unaofuata Ijumaa mchana. Katika barua za ofisi siku huanza na kuisha saa sita usiku. Mwenye kutoa ilani ya mkutano wa usiku afadhali aandike tarehe kuliko jina la siku peke yake.

Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma, makataa husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Ndivyo 20 Oktoba inavyokuwa 21. Ila Jumapili na sikukuu zilizo katikati ya muda zinahesabiwa kama siku nyingine zote, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Katika mfano wetu kuna Jumapili mbili, tarehe 11 na 18, na sikukuu ya 10 Oktoba. Hakuna hata moja inayoongeza muda.

Na Jumamosi je? Katiba inataja Jumapili na sikukuu za umma peke yake. Sura ya 2 inaongeza siku ambazo si za kazi rasmi, na maneno hayo yanaweza kuzua ubishi mrefu kuhusu Jumamosi ya ofisi iliyofungwa. Mwenye haki ya kulinda hana sababu ya kuwa yeye wa kuuanzisha ubishi huo. Makataa yake yakiangukia Jumamosi, apeleke karatasi Ijumaa kabla ofisi haijafungwa saa kumi na moja jioni.

Kuhusu sikukuu, mambo mawili ya kukumbuka. Sikukuu ikiwa Jumapili, sheria ya sikukuu za umma inaifanya siku inayofuata kuwa sikukuu pia, lakini haifanyi hivyo kwa sikukuu iliyoangukia Jumamosi. Mwaka 2026 Sikukuu ya Jamhuri, 12 Desemba, ni Jumamosi. Jumatatu yake ni siku ya kazi kama kawaida. Na Idd hutegemea mwandamo wa mwezi, hivyo anayepanga hesabu inayopita hapo asiweke tegemeo lake lote kwenye tarehe aliyoiona katika kalenda ya ukutani.

Muda mfupi una kanuni yake. Pale sheria inapotoa siku sita au chini ya hapo, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi kabisa, hata zikiwa katikati. Matokeo yake wakati mwingine ni ya kuchekesha. Mtu akipewa siku tano chini ya Katiba kuanzia Alhamisi, 2 Aprili 2026, anaruka Ijumaa Kuu tarehe 3, Jumapili tarehe 5 na Jumatatu ya Pasaka tarehe 6. Siku zake ni tarehe 4, 7, 8, 9 na 10. Mwenzake aliyepewa siku saba kuanzia Alhamisi hiyo hiyo haruki kitu, na muda wake unaisha tarehe 9. Mwenye siku tano amepata muda mrefu kuliko mwenye siku saba.

Wakenya wamekwisha kuiona hesabu hii ikifanya kazi hadharani, pengine bila kuitambua. Katiba inatoa siku saba baada ya kutangazwa matokeo ya urais kwa anayetaka kuyapinga, na inaipa Mahakama ya Juu siku 14 baada ya kesi kuwasilishwa. Mwaka 2022 matokeo yalitangazwa Jumatatu, 15 Agosti. Siku ya saba ilikuwa Jumatatu, 22 Agosti, na siku hiyo ndipo kesi zilipowasilishwa. Jumlisha 14: uamuzi ulitolewa Jumatatu, 5 Septemba. Katiba inasema mshindi aapishwe Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi wa mahakama. Siku ya saba ilikuwa 12 Septemba, na kiapo kilikuwa Jumanne, 13 Septemba. Mwaka 2013 ilikuwa vivyo hivyo: matokeo 9 Machi, kesi 16 Machi, uamuzi 30 Machi, siku ya saba 6 Aprili, kiapo Jumanne, 9 Aprili.

Mwaka 2017 hesabu ilivuka mwezi. Mahakama ilifuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba, na Katiba inataka uchaguzi mpya ufanywe ndani ya siku 60. Njia rahisi ya kuvuka mwezi ni kuuliza kwanza zimebaki siku ngapi mwezi huo kumalizika. Septemba ina siku 30. Ukiondoa ya kwanza zinabaki 29. Oktoba ina 31. Jumla 60 kamili, kwa hiyo siku ya mwisho ilikuwa 31 Oktoba. Uchaguzi ulifanywa tarehe 26, zikiwa zimebaki siku tano. Asiyekumbuka mwezi gani una siku 31 anaweza kukunja ngumi na kusoma miezi juu ya vifundo: kifundo ni 31, bonde ni 30, isipokuwa Februari. Julai inakaa kwenye kifundo cha mwisho na Agosti inaanza upya kwenye cha kwanza, ndiyo maana zote mbili zina siku 31.

Siku 60, basi, si miezi miwili, na siku 28 si mwezi, isipokuwa Februari ya mwaka usio mrefu. Tofauti hii ina maana kazini. Sheria ya Ajira inataka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Notisi iliyotolewa Jumatatu, 4 Mei 2026 inatimiza siku 28 tarehe 1 Juni. Mwezi mmoja ungeishia tarehe 4. Likizo ya uzazi kwa upande wake imetajwa kwa miezi mitatu. Mwajiri anayeigeuza kuwa siku 90 anaweza kumpunja mama siku moja au mbili, kwa sababu miezi mitatu mingi ina siku 91 au 92. Kuanzia 1 Juni hadi 31 Agosti, kwa mfano, ni siku 92.

Mwezi katika sheria ni mwezi wa kalenda, na huhesabiwa kwa kutafuta tarehe yenye nambari ile ile. Miezi sita kutoka 12 Machi inaelekea 12 Septemba. Ikiwa mwezi wa mwisho hauna nambari hiyo, inachukuliwa siku ya mwisho ya mwezi huo. Kuzaliwa kwa mtoto kunapaswa kuandikishwa ndani ya miezi sita, na baada ya hapo maombi yanakuwa ya usajili uliochelewa, yenye karatasi zaidi. Mtoto aliyezaliwa 31 Agosti 2026 anatafutiwa 31 Februari, ambayo haipo, kwa hiyo miezi yake sita inaangukia 28 Februari 2027. Hiyo ni Jumapili. Na kuna jambo dogo katika Kifungu cha 259 linalofaa kuangaliwa: muda wa miezi chini ya Katiba unaisha mwanzoni mwa tarehe hiyo, si mwishoni. Mwezi unaoanza 12 Machi umekwisha pindi tu inapoingia 12 Aprili, na siku nzima ya mwisho ni tarehe 11. Anayengoja tarehe yenye nambari ile ile amejisogeza mwenyewe hadi ukingoni.

Miaka pia inaisha mwanzoni mwa tarehe inayolingana. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na katika 2027 hiyo ni tarehe 10. Kijana aliyezaliwa 10 Agosti 2009 atakuwa ametimiza miaka 18 siku hiyo hiyo ikianza. Hata hivyo hatapiga kura, kwa sababu kabla ya kura kuna kuandikishwa, na kabla ya kuandikishwa kuna kitambulisho, na sajili hufungwa mapema. Waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka huo ndio wanaopaswa kuanza kufuatilia karatasi zao mara wanapotimiza umri.

Siku za kazi ni hesabu nyingine kabisa, na hutumika pale tu sheria au mkataba unapozitaja. Likizo ya mwaka ni mfano mzuri: si chini ya siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Hapa siku ya kwanza inahesabiwa, kwa kuwa mfanyakazi hayupo kazini siku hiyo. Anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa na kuanza likizo Jumatatu, 5 Oktoba 2026 anamaliza siku zake Jumanne, 3 Novemba, kwa kuwa Mashujaa haihesabiwi, na anarudi kazini tarehe 4. Wanaotumia kompyuta wajue kwamba kutoa tarehe moja kutoka nyingine katika jedwali huacha siku ya kwanza nje, kama sheria inavyotaka, lakini fomula ya siku za kazi, NETWORKDAYS, huhesabu siku za ncha zote mbili.

Kompyuta ina mtego mwingine. Kenya huandika siku kwanza, kisha mwezi. Simu au programu iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani huanza na mwezi, kwa hiyo 03/04/2026 inakuwa 4 Machi badala ya 3 Aprili. Tarehe zinazozidi 12 hujifichua zenyewe, kwani hakuna mwezi wa 13. Zilizo chini ya hapo hupita kimya. Jina la mwezi likiandikwa kwa herufi, shida hii haipo.

Lililo gumu kuliko hesabu yenyewe ni kujua saa ilianza kugonga lini. Kila sheria ina neno lake. Ile ya mipango ya ardhi inahesabu siku 14 tangu uamuzi, si tangu barua kuchukuliwa, na ndilo lililomponza yule mtu wa nne. Katika zabuni za umma, mfanyabiashara anayetaka uamuzi upitiwe na bodi ya PPARB ana siku 14 tangu alipojulishwa, au tangu kosa analolilalamikia lilipotokea. Mahakama zimeshikilia mara kwa mara kwamba bodi haina mamlaka ya kusikiliza ombi lililochelewa, hata liwe na uzito gani. Rufaa ya kesi ya madai kutoka kwa hakimu hadi Mahakama Kuu ina siku 30, na hapo kuna huruma kidogo: mwenye sababu ya kutosha anaweza kuruhusiwa kuchelewa. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya barua yoyote ni siku zinahesabiwa tangu nini, na la pili ni kama kuna nafasi ya kuongezewa.

Desemba huleta dhana moja potofu. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai zinasema siku za 21 Desemba hadi 13 Januari, zote mbili zikiwemo, hazihesabiwi katika muda wa kuwasilisha hati zinazosimamiwa na kanuni hizo. Mwenye siku 14 za kuwasilisha utetezi kuanzia 15 Desemba 2026 anahesabu tano hadi tarehe 20, anasimama, kisha anaendelea 14 Januari, na siku yake ya mwisho ni Ijumaa, 22 Januari 2027. Wengi wamesikia habari hii nusu na kudhani kwamba makataa yote ya serikali hulala Krismasi. Hayalali. Siku 14 za PPARB zinaendelea kupungua watu wakiwa mashambani.

Ofisi za umma nazo zimefungwa na hesabu hiyo hiyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 za kutoa uamuzi tangu alipopokea ombi, au saa 48 kama habari inayotakiwa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi lililopokelewa Jumatatu, 7 Desemba 2026 linapaswa kujibiwa kufikia Jumatatu, 28 Desemba. Krismasi, Jumamosi ya tarehe 26 na Jumapili ya tarehe 27 zimo ndani ya hesabu na hazisogezi chochote. Afisa anaweza kuongeza muda mara moja, si zaidi ya siku 14, kwa sababu zilizotajwa katika sheria hiyo. Mwombaji aliyebaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa wa 7 Desemba ana tarehe ya kuanzia isiyobishaniwa. Asiye nayo atalazimika kwanza kuthibitisha kwamba ombi lilifika.